Kwa Nini Wingu la Vituo Viwili Linahitaji Mtandao Wake wa Usimamizi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Mfanyabiashara wa Muleba anapopewa namba ya kumbukumbu ya malipo ili alipie leseni, au mgonjwa anapofunguliwa jalada la kielektroniki hospitalini, mambo mawili tofauti hutendeka ndani ya kompyuta za Serikali. La kwanza linaonekana: taarifa husafiri kutoka dirisha la huduma hadi kwenye seva na kurudi na jibu. La pili mwananchi halioni. Wataalamu wa TEHAMA huziangalia seva hizo, huziwasha na kuzizima, huziongezea nafasi ya kuhifadhi, na kuzirekebisha zinapokwama. Njia inayotumika kwa kazi hii ya pili ndiyo inayoitwa mtandao wa usimamizi. Makala haya yanaeleza namna ya kuisanifu njia hiyo pale ambapo seva ziko katika vituo zaidi ya kimoja.

Tuanze na neno "wingu", ambalo limewachanganya wengi. Taarifa haziko angani. Ziko katika mashine zilizopangwa ndani ya makabati ya chuma, zinazokula umeme na kutoa joto. Wingu binafsi ni seva za taasisi moja, au za Serikali, zilizounganishwa kwa programu hadi zikafanya kazi kama mashine moja kubwa, ambayo ndani yake hugawanywa seva pepe nyingi kadiri ya mahitaji. Tanzania imechukua mwelekeo wa kuweka mifumo ya umma katika vituo vya pamoja vya kuhifadhi data badala ya kila taasisi kujinunulia seva zake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) kusimamia eneo hilo, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na unaoendeshwa na TTCL, umefika hadi mipakani Mutukula na Rusumo.

Mfano tutakaoutumia ni wa kufikirika, ila mazingira yake ni halisi: wingu dogo lenye kituo kimoja Bukoba mjini na kingine Muleba, umbali wa takribani kilomita 70 kwa barabara.

Kwa nini vituo viwili? Wakazi wa Kagera hawahitaji maelezo marefu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu, likabomoa nyumba na kuharibu majengo ya umma, zikiwemo shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Kituo kimoja cha data katika jengo moja ni kapu moja lenye mayai yote. Aidha, kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na maeneo jirani ulitoka Uganda kwa njia inayotokea Masaka hadi Kyaka, hivyo hitilafu ya mbali iliweza kuzima mji mzima. Kituo cha pili hupunguza hatari hizo. Lakini huleta swali ambalo kituo kimoja hakikuwa nalo: njia kati ya vituo ikikatika, nani atakifikia kile cha upande wa pili?

Mara nyingi jibu la haraka ni kutumia faiba ileile inayobeba huduma za wananchi. Ni rahisi, na siku zote za kawaida hufanya kazi vizuri. Kasoro yake huonekana siku ambayo faiba hiyo ndiyo yenye tatizo, kwa kuwa mtaalamu anayetakiwa kulirekebisha anapita palepale palipoharibika.

Makampuni makubwa yenye wahandisi wengi yamenaswa na mtego huu. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyote vya data vya Facebook. Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takribani saa 6. Wahandisi hawakuweza kuzifikia mashine kwa njia ya kawaida, na hata njia ya akiba iliyotengwa kwa dharura haikufanya kazi. Ilibidi watu waende vituoni kwa miguu yao, na huko nako taratibu kali za ulinzi ziliwachelewesha kuingia. Tarehe 8 Julai 2022 ilikuwa zamu ya Rogers, kampuni ya mawasiliano ya Kanada. Badiliko moja la mipangilio lilizifurika ruta kuu, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Mtandao wa usimamizi wa kampuni hiyo ulitegemea ruta zizo hizo zilizoanguka, na wafanyakazi wake wengi walikuwa na simu za kampuni hiyohiyo, kwa hiyo hata kupigiana simu kuulizana kilichotokea kulikuwa kugumu.

Usanifu mzuri huanzia ndani ya seva. Kila seva ya kisasa ya kituo cha data ina kompyuta nyingine ndogo ndani yake, yenye tundu lake la waya, ambayo hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi umeme unaifikia. Kwa Dell huitwa iDRAC, kwa HPE huitwa iLO, na kanuni za pamoja za vifaa vya aina hiyo, IPMI, zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kwa kupitia tundu hilo mtaalamu aliye Bukoba anaweza kuiona skrini ya seva iliyo Muleba, kuizima, kuiwasha na hata kuiwekea programu endeshi upya, bila kupanda gari.

Matundu hayo yaunganishwe kwenye swichi yao wenyewe. Inawezekana kuigawa swichi moja kwa programu ili ibebe mitandao miwili, na wengi hufanya hivyo kuokoa fedha. Kwa maoni ya mwandishi, kwenye kituo cha mbali akiba hiyo haifai. Swichi ikifa, au mipangilio yake ikivurugika, mitandao yote miwili hufa nayo. Swichi ya usimamizi haihitaji kasi kubwa, hivyo ndogo ya bei nafuu inatosha.

Hatua inayofuata ni anwani. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na anwani zinazofanana, na kila kituo kikiachwa kijipangie, siku ya kuviunganisha vituo hugundulika kuwa Bukoba na Muleba wanatumia anwani zilezile. Fungu la anwani za ndani linaloanza na 10 lina nafasi zaidi ya milioni 16, kwa hiyo hakuna sababu ya kubanana. Bukoba ipewe, kwa mfano, 10.40, Muleba 10.41, na ndani ya kila fungu usimamizi uwe na sehemu yake isiyochanganywa na ya watumiaji. Vituo viunganishwe kupitia ruta, wala isifanywe kama vile swichi za vituo vyote viwili ni swichi moja ndefu. Waya mmoja uliochomekwa vibaya unaweza kuijaza swichi kwa taarifa zinazozunguka bila kikomo. Kukiwa na ruta katikati, kimbunga hicho huishia kituo kilipoanzia.

Kisha inakuja njia ya pili ya kufika Muleba. Faiba nyingi hufukiwa kando ya barabara, na mtambo wa kuchimba mtaro hauulizi waya ni wa nani. Njia ya pili iliyo rahisi ni modemu yenye laini ya simu ya kampuni nyingine, iliyounganishwa na swichi ya usimamizi peke yake. Mawasiliano ya usimamizi ni mepesi na hayahitaji kasi ya faiba. Hata hivyo, kuwa na majina mawili ya kampuni kwenye mkataba hakumaanishi kuwa na njia mbili. Makampuni ya simu nayo hukodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa, na mnara wa simu wa Muleba unaweza kuwa unategemea faiba ileile inayopita Muhutwe na Kemondo. Swali la kumuuliza mtoa huduma kabla ya kusaini ni moja: mawasiliano ya mnara huu yanapita wapi? Ikiwa yote ni barabara moja, satelaiti ndiyo njia ya pili ya kweli, japo ni ghali zaidi.

Hapa ndipo suala la vituo viwili linapokuwa gumu kuliko linavyoonekana. Tuseme faiba imekatwa saa nne asubuhi. Programu ya wingu iliyo Muleba haipati jibu kutoka Bukoba, na haina namna ya kujua kama Bukoba imezimika au ni njia tu iliyokatika. Ikidhani Bukoba imezimika, itaanzisha nakala yake ya daftari la wagonjwa. Wakati huohuo Bukoba, iliyo hai, inaendelea na daftari lake. Hadi saa nane mchana kuna madaftari mawili, kila moja likiwa na vipimo na dozi ambazo jingine halina, na faiba ikirudi hakuna programu inayoweza kusema kwa uhakika lipi lifutwe. Kukatika kwa huduma kwa saa nne kunaudhi. Jalada la mgonjwa linalokosa nusu ya matibabu yake linaweza kumdhuru mtu.

Tiba inayotumika ni kura. Huwekwa mashine ndogo ya tatu, nje ya vituo vyote viwili, ambayo haihifadhi taarifa za wananchi bali hupiga kura tu. Kituo chenye kura mbili kati ya tatu huendelea na chenye moja husimama. Mashine hiyo ni busara ikae nje ya mkoa, Mwanza au Dodoma, maana tetemeko la 2016 halikuishia kwenye mpaka wa wilaya moja. Umbali si kikwazo kwa kura. Mwanga husafiri ndani ya faiba kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kwenye faiba ya kilomita 1,000 huchukua milisekunde 10 hivi, wakati Bukoba na Muleba ni chini ya milisekunde 1. Ndiyo sababu nakala za taarifa zenyewe hubaki kati ya vituo vya karibu, na kura hupelekwa mbali. Lakini kama Muleba huifikia Dodoma kwa kupitia Bukoba pekee, faiba ikikatika Muleba itapoteza kura kila mara, hata pale ambapo Bukoba ndiyo iliyoungua. Kura nayo inahitaji njia ya pili.

Hata baada ya kushinda kura, kituo hakipaswi kuchukua huduma papo hapo. Kwanza huamuru seva za upande wa pili zizimwe kabisa kupitia yale matundu ya usimamizi, na husubiri uthibitisho. Amri hiyo ikisafiri kwenye faiba iliyokatika haifiki, uthibitisho haurudi, na huduma inabaki imesimama. Modemu ile ndogo ndiyo inayouwezesha mfumo mzima kufanya uamuzi salama.

Kuna mtego mwingine wa kimyakimya. Ili kuingia kwenye mashine, mtaalamu huhitaji seva ya kuthibitisha nywila, seva ya kutafsiri majina kuwa anwani, na saa inayokubaliana na za wengine. Hizi zikiwa ni seva pepe ndani ya wingu lilelile, wingu likianguka ufunguo utakuwa umefungiwa ndani ya nyumba. Kila kituo kiwe na nakala zake kwenye mashine ndogo iliyo nje ya wingu, pamoja na nywila ya dharura iliyofungwa kwenye bahasha na kutunzwa kasikini.

Kuhusu usalama, anayeingia kwenye mtandao wa usimamizi ameingia kwenye kila kitu. Anaweza kunakili diski nzima bila kupita kwenye mfumo wowote unaomdai nywila. Kwa taasisi inayowajibika chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si jambo dogo. Mwezi Juni 2023 wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, uliziagiza taasisi za serikali kuu ya nchi hiyo kuziondoa njia za usimamizi kwenye intaneti ya wazi, au kuziwekea ulinzi, ndani ya siku 14 tangu zigundulike. Kanuni ya vitendo ni kuwa na lango moja kwa kila kituo, lenye uthibitisho wa hatua mbili na kumbukumbu ya kila aliyeingia na alichofanya. Modemu ya dharura ipite kwenye lango hilohilo. Isiwe mlango wa uani.

Umeme nao usisahaulike. Swichi, ruta na modemu za usimamizi kwa pamoja zinaweza kutumia wati 40 hivi. Kwa saa 12 hiyo ni wati-saa 480, wakati betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Hata ikitumiwa nusu tu, inatosha usiku mzima, muda mrefu baada ya betri za seva kuisha. Na kwa kuwa Bukoba hupata mvua nyingi na radi za Ziwa Viktoria, waya wa shaba usitumike kuunganisha jengo na jengo. Faiba haipitishi umeme.

Njia ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni dhana tu. Faiba kuu ichomolewe kwa makusudi, kwa ratiba iliyotangazwa, na mtaalamu aliye Bukoba ajaribu kuizima na kuiwasha seva moja ya Muleba kwa njia ya modemu. Katika majaribio ya namna hii tatizo la kwanza kujitokeza mara nyingi si la kiufundi. Kifurushi cha laini kimeisha, au laini imefungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Gharama ya laini hiyo kwa mwezi ni ndogo kiasi cha kusahaulika bajeti inapoandaliwa, kwa hiyo iandikwe kwenye kifungu chake, na jina la afisa anayeilipia libandikwe kwenye mlango wa kabati la seva.