MAELEZO KUHUSU SKRINI ZA NJE ZISIZOTOA PICHA SAFI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaounganisha kompyuta za mkononi na skrini kubwa za mezani huona pengine maandishi yamefifia, au kompyuta imekataa kutoa kiwango cha nukta kilichoandikwa kwenye boksi la skrini. Inafaa ifahamike kwamba si kila mara skrini ndiyo mbovu. Mara nyingi kasoro imo njiani, baina ya vyombo viwili hivyo, na kununua skrini mpya ni kupoteza fedha bila ya kuondoa tatizo.

Picha hufanyika kwa nukta. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ile ya 3840 kwa 2160 ina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne. Nukta zote hizo hupelekwa upya mara nyingi kwa sekunde, na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua, kiwe kompyuta, waya, kiunganishi cha kati au skrini yenyewe.

HDMI toleo la 1.4, la mwaka 2009, hupeleka picha ya 3840 kwa 2160 mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, huipeleka mara 60. Waya wa VGA, mfumo ulioanza mwaka 1987, huzidisha ukungu kadiri nukta zinavyozidi na waya unavyorefuka.

Mwenye tatizo hili anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Afungue mipangilio ya skrini, achague skrini ya nje, kisha aweke kiwango kilichopendekezwa.

(b) Ikiwa skrini zote mbili zinaonyesha picha moja, azitenganishe, kwani skrini kubwa huweza kulazimika kufuata kiwango cha ile ndogo.

(c) Ajaribu waya mwingine au tundu jingine, bila ya kiunganishi cha kati ikiwezekana.

(d) Apunguze idadi ya mara kwa sekunde, kutoka 60 hadi 30. Kiwango kikipatikana, kasoro imo katika uwezo wa njia.

(e) Ahuishe programu inayoendesha picha.

Wakuu wa vitengo wanaombwa kuhakikisha hatua hizo zimekamilika kabla ya kutia saini maombi ya ununuzi. Pengine kinachohitajika ni waya tu.