Wikendi Juu ya Genge la Manga

Wazazi wengi wa Kisii wakitaka kuwaonyesha watoto majabali na makorongo, wazo la kwanza huwa Hell's Gate, kule Naivasha. Safari hiyo humaliza siku barabarani kabla hema halijasimamishwa. Na huku nyumbani genge la Manga liko palepale, upande wa Kaunti ya Nyamira, likitazamana na mji wa Kisii. Wapo watu wazima walioliona kila asubuhi wakienda shule na hawajawahi kufika juu.

Matembezi ya Manga huanzia mashambani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira; Kisii peke yake ina watu wapatao 957 katika kila kilomita mraba. Ndiyo maana njia ya kupandia hupita kando ya majani chai, chini ya migomba, nyuma ya jiko la mtu. Mtoto aliyelelewa mjini hugundua mapema kwamba anatembea katika shamba la mwenyewe, na mwenyewe husalimiwa kwanza.

Kulala nako ni hivyohivyo. Mahali pazuri pa kupiga hema ni uani kwa mtu aliyeombwa ruhusa mapema na kulipwa bila kusukumwa. Hapo pana choo, maji, na nyumba ya mabati ya kukimbilia mvua ikizidi. Jioni kuna matoke na chinsaga, mboga ile chungu kidogo ambayo watoto huikunjia uso, kisha chai ya maziwa. Baridi ya nyanda hizi haina mzaha usiku: sweta na blanketi ni lazima, hata kwa anayejiona shujaa.

Ukuta wa Manga umesimama kwa sababu ya aina ya mawe yake. Juu kuna kwatzaiti, jiwe gumu lisiloliwa upesi na mvua. Chini yake yamelala mawe laini zaidi yaliyotokana na volkano za zamani mno. Ya chini yakimomonyoka, ya juu hubaki yakiwa yamekatika wima. Mtoto akiambiwa haya huku kiganja chake kiko juu ya jiwe lenyewe, hatayasahau kama anavyosahau ya kitabuni.

Kutoka ukingoni mji wa Kisii huonekana wote, na siku isiyo na ukungu Ziwa Victoria hung'aa upande wa magharibi. Hapa ndipo pa kuwasimulia watoto habari za Sakagwa, mtabiri wa Abagusii. Wazee husimulia kwamba alizunguka Getembe, ulipo leo mji wa Kisii, akionyesha mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama, kabla Waingereza hawajafungua kituo chao hapo mwaka 1907. Mwaka uliofuata Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Geoffrey Northcote. Hapa Manga kuna pia Ngoro ya Mwaga, pango ambalo wazee wanalihesabu kuwa mahali patakatifu. Wageni huacha humo chupa za plastiki na kuchora majina yao jiwe baada ya jiwe. Hiyo ni aibu, na mzazi anayenyamaza mwanawe akichora ameshiriki.

Hatari kubwa ya Manga, hata hivyo, hutoka angani. Upepo wenye unyevu wa ziwa hupanda nyanda za juu mchana, na alasiri mawingu hufunga ghafla. Mvua ya hapa hupita milimita 1,500 kwa mwaka, tena huja na radi na pengine mawe. Familia ianze kupanda saa moja asubuhi na iwe imeshateremka ifikapo saa saba. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama ni ya mbali, watu waondoke ukingoni waingie nyumbani. Wasijifiche chini ya mkaratusi uliosimama peke yake. Hell's Gate kulitokea msiba wa aina nyingine: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba ndani ya korongo, wakiwa pamoja na kiongozi wa watalii. Huko maji huwafuata watu bondeni. Manga radi huwapata juu.

Kwa hiyo ni vyema kumlipa kijana wa hapohapo awe mbele, kwani anajua jiwe linaloteleza na wingu lisiloaminika. Watoto wadogo washikwe mkono karibu na ukingo, na simu ya kupigia picha ibaki mfukoni mpaka kila mmoja amekaa chini. Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wa kuweka vizuizi na mabango penye mporomoko mkali. Mzazi mmoja hawezi kulinda genge zima.

Jumapili, wenye nguvu bado wanaweza kuteremka hadi Tabaka, Mugirango Kusini, yanakochimbwa mawe ya sabuni ya Kisii: meupe, ya waridi, ya kijivu. Jiwe likitoka shimoni likiwa na maji huchongwa kwa panga na kisu, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya beseni, kazi inayofanywa zaidi na wanawake. Mtoto akipewa kipande asugue kwa nusu saa, huelewa kwa nini kiboko mdogo wa jiwe hilo wa dukani Nairobi ana bei ile. Anayenunua Tabaka kwenyewe hulipa mkononi mwa aliyechonga.