Draiva, dereva na kiendeshi

Mwanafunzi wangu wa tafsiri alileta darasani mwongozo alioutafsiri kwa ajili ya duka dogo la kompyuta la Buguruni. Sentensi ya kwanza ilisema: "Baada ya kusasisha mfumo, dereva wa adapta isiyo na waya anaweza kuanguka." Fundi aliyeuagiza aliusoma, akacheka, kisha akauliza dereva huyo alikuwa amepanda wapi hata akaanguka.

Kabla ya kuisahihisha sentensi hiyo, tuangalie jambo lenyewe. Adapta inayozungumziwa hapa huipa kompyuta uwezo wa kupokea na kurusha mawimbi ya redio. Huweza kuwa imejengewa ndani, au ikawa kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kama vinavyouzwa Kariakoo. Kati ya kifaa hicho na mfumo endeshi pana programu ifanyayo kazi ya ukalimani. Mfumo unapopata sasisho huenda ukabadili namna unavyotoa amri, na mkalimani wa zamani akashindwa kuuelewa. Kifaa ni kizima, ila mawasiliano yamekatika.

Mkalimani huyo kwa Kiingereza huitwa *driver*, neno ambalo Kiswahili kimelikopa mara mbili. Mkopo wa kwanza, *dereva*, ulikuja na magari. Ulipachikwa irabu ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, ukapewa upatanisho wa viumbe hai: *dereva amefika, madereva wamefika*. Mkopo wa pili, *draiva*, umekuja na kompyuta, wakati masikio yetu yamekwisha kuuzoea mfuatano wa *dr*, nao umeingia ngeli ya I/ZI: *draiva imegoma, draiva zimegoma*. Mkopo wa namna hii si mgeni kwetu. *Kilabu* cha pombe na *klabu* ya mpira ni ndugu wa aina hiyohiyo. (Na Kariakoo lenyewe ni mkopo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.) Mkazi wa Buguruni akisikia *dereva amegoma* hufikiria daladala, akisikia *draiva imegoma* hufikiria kompyuta. Kuliandika *dereva* kwa maana ya pili kwa hoja kwamba ndilo "Kiswahili zaidi" ni kuvuruga mgawanyo ambao wasemaji wameshaufanya.

*Kiendeshi* ni neno zuri kwa umbo: shina *endesha*, kiambishi *ki-* cha vifaa, na *-i* ya mtendaji. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya watafsiri hulitumia pia kwa kifaa cha kuhifadhia data. "Kiendeshi kimeharibika" humwacha fundi akijiuliza kama afungue kompyuta kwa bisibisi au atafute programu. Kwa hiyo katika maandishi rasmi napendelea *programu kiendeshi*, na katika mwongozo wa fundi *draiva*.

*Adapta isiyo na waya* nayo ina mtego. Kwa watumiaji wengi adapta ni ile ya kuchajia kompyuta mpakato, hivyo maneno hayo huleta picha ya chaja iliyopotelewa na waya wake. *Adapta ya waifai* haina utata huo.

Limebaki *kuanguka*, ambalo ndilo kosa zito zaidi. Kitu kikianguka kwa Kiswahili kimetoka juu kikafika chini, basi. Msomaji wa mwongozo ule angeanza kutafuta ufa. Mafundi wana vitenzi vinavyotofautisha mambo ambayo Kiingereza hulifunika kwa neno moja. *Kugoma* ni kukataa kuanza kazi. *Kuganda* ni kusimama katikati ya kazi, skrini ikibaki ilivyo. *Kuzingua*, neno la mitaani nisilolipendekeza kwa mwongozo, ni kufanya kazi kwa kigeugeu. *Kufa* na *kuungua* ni vya kifaa chenyewe, na hapo ndipo fedha hupotea. Nimewahi kumwona mteja akisema "waifai imekufa", akauziwa kijiti kipya cha aina ileile. Alipokichomeka nacho kiligoma, kwa kuwa kilitegemea draiva ileile. Laiti angesema "waifai imegoma tangu nilipofanya sasisho", huenda muuzaji angeuliza swali jingine.

Tuliirekebisha aya ile darasani, ikawa hivi:

"Baada ya sasisho la mfumo endeshi, draiva ya adapta ya waifai inaweza kugoma. Katika Windows, fungua orodha ya vifaa utazame kama jina la adapta lina pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Ikiwa ipo, fungua sifa za adapta, uende kwenye sehemu ya draiva, uchague kurudisha draiva ya awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake kompyuta haikuhifadhi draiva ya awali. Unganisha simu yenye data kwa waya wa USB, uruhusu kompyuta itumie intaneti ya simu, kisha pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa adapta au wa kompyuta. Usinunue adapta nyingine kabla ya kujaribu hatua hizi."

Fundi alibadili neno moja tu. Badala ya *kimefifia* aliandika *hakibonyezeki*, na nadhani alikuwa sahihi.