Kuhamia Tanga kutoka Kwale: Undugu pekee hautoshi

WADIGO na Wasegeju wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Si ajabu basi mkazi wa Diani au Msambweni kuwa na shangazi Mkinga na mjomba Tanga mjini, na wengi huona kuhamia huko ni sawa na kuhama kijiji. Sheria haioni hivyo, na anayehama bila maandalizi huweza kupoteza akiba yake yote.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kuingia, kufanya kazi na kuishi katika nchi nyingine ya jumuiya. Hata hivyo, haki hiyo hutekelezwa kwa vibali. Mgeni mwenye pasipoti huruhusiwa kuzuru kwa muda wa hadi miezi 6. Anayetaka kufanya kazi Tanzania anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, pamoja na kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji na aliyejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa.

Biashara

Julai 2025, Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kuendesha aina 15 za biashara, zikiwemo duka la rejareja, kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua Sh10 milioni za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa kibali. Raia anayemsaidia mgeni kukiuka agizo hilo naye huadhibiwa. Kenya ililalamika kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na itifaki. Kwa hivyo, usiuze duka lako la Ukunda kabla ya kuuliza afisa wa biashara wa wilaya unakokwenda.

Aidha, tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zimekataza bei kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni nchini humo. Badilisha shilingi zako katika benki au duka la fedha lenye leseni. Anayevuka na pesa taslimu za thamani ya zaidi ya dola 10,000 za Marekani hana budi kuzitangaza kwa maafisa wa forodha.

Ardhi na uraia

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Itifaki iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Baadhi ya watu hununua kiwanja kwa jina la binamu. Kisheria kiwanja hicho ni cha binamu, na akifariki kitadaiwa na warithi wake. Ni salama zaidi kukodi nyumba kwa mkataba wa maandishi.

Wengine hufikiria kuchukua uraia. Katiba ya Kenya ya 2010 inakubali uraia pacha, lakini Tanzania haiukubali kwa mtu mzima. Itakubidi uukane uraia wa Kenya. Ukishaukana, kifungu cha 65 cha katiba hiyo hakikuruhusu kumiliki ardhi Kenya zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Shamba la babu huko Msambweni linaingia katika hesabu hiyo.

Kabla ya kuondoka

Sajili hati ya uwakilishi kwa jamaa atakayesimamia ardhi yako nyumbani. Endelea kuwasilisha taarifa za ushuru kabla ya Juni 30 kila mwaka: mwenye makazi ya kudumu Kenya, akiwepo nchini hata siku moja katika mwaka, huhesabiwa mkaazi kwa kodi. Mtoto atakayezaliwa ng'ambo ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa iwapo mzazi mmoja ni Mkenya. Mchukulie cheti mapema.

Kwale inajua gharama ya kukosa karatasi. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi hapa kwa miongo mingi bila vitambulisho, wao na wajukuu wao, hadi walipotambuliwa kuwa raia mwaka 2016. Mjomba atakupokea Tanga kwa furaha, lakini hawezi kukuandikia kibali.