Ilani za Kielektroniki na Uchunguzi wa Homa ya Ini ya Aina ya C

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Homa ya ini ya aina ya C huikiuka kauli hiyo. Virusi vyake vinaweza kukaa katika ini la mtu kwa miaka 20 au 30 bila kumwuma wala kumlaza kitandani, hadi siku anapoambiwa kuwa ini limejaa makovu au limeingiwa na saratani. Makala haya yanaeleza jinsi hospitali za Marekani zilivyotumia ilani za kielektroniki ili kuwatambua wagonjwa hao mapema. Ilani ya kielektroniki, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ujumbe unaojitokeza kwenye kiwambo cha tarakilishi ya tabibu pindi afunguapo rekodi ya mgonjwa, ukimkumbusha jambo ambalo halijatendwa.

Kiini cha Tatizo

Virusi hivi vilitambuliwa mwaka wa 1989. Huenezwa kwa damu, hususan kupitia sindano zinazotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na hapo zamani kupitia damu ya msaada ambayo haikuwa imepimwa. Kwa sababu hiyo, takriban robo tatu ya watu wazima walioambukizwa nchini Marekani walikuwa wale waliozaliwa kati ya mwaka wa 1945 na 1965. Mnamo 2012, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilipendekeza kila mmoja wao apimwe angalau mara moja. Jimbo la New York lilipiga hatua zaidi: tangu Januari 2014, sheria yake iliwataka watoaji wa huduma za afya wawape watu wa rika hilo nafasi ya kupimwa.

Hata hivyo, pendekezo ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Mgonjwa wa miaka 60 huja kliniki kwa ajili ya shinikizo la damu, sukari au goti linalomsumbua. Muda wa kumwona daktari ni mfupi, na ugonjwa usiolalamikiwa husahaulika kwa urahisi. Isitoshe, kumwuliza mtu mzima iwapo aliwahi kujidunga dawa za kulevya ujanani huzua haya kwa pande zote mbili. Kigezo cha mwaka wa kuzaliwa kiliiondoa haya hiyo, kwani tarehe ya kuzaliwa tayari imo katika rekodi.

Jinsi Ilani Inavyofanya Kazi

Programu hukagua mambo machache: je, mgonjwa ni wa rika linalolengwa? Je, amewahi kupimwa? Je, ugonjwa umekwisha kutambuliwa? Akiwa ni wa rika hilo na hajapimwa, ilani hujitokeza, na tabibu huagiza kipimo kwa kubofya mara moja. Kipimo kikishafanywa, ilani hutoweka.

Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani ishara kuwa mwili umewahi kukutana na virusi. Kwa kuwa baadhi ya watu huvishinda virusi hivyo bila dawa, ni sharti kipimo cha pili kithibitishe kama vingalimo. Hapa ndipo wengi hupotea, maana aliyeambiwa arudi siku nyingine huenda asirudi. Ni heri maabara ifanye vipimo vyote viwili kutokana na damu iliyotolewa siku moja.

Mafanikio na Mipaka

Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha ilani kama hiyo katika kliniki zake mnamo 2015. Katika miezi sita iliyotangulia, ni asilimia 7.6 tu ya wagonjwa wa rika hilo waliokuwa wamepimwa. Katika mwaka mmoja uliofuata, kiwango kilipanda hadi asilimia 72. Wagonjwa 53 waligunduliwa kuwa na virusi, na 11 kati yao tayari walikuwa na makovu makubwa ya ini.  

Pamoja na mafanikio hayo, ilani ina mipaka. Tabibu anayeletewa jumbe nyingi kwa siku huzizoea na kuzifunga bila kuzisoma. Aidha, ilani huagiza kipimo ila haitibu. Dawa mpya zilizoanza kuidhinishwa mwishoni mwa 2013 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa kwa wiki 8 hadi 12, lakini mojawapo iliingia sokoni kwa bei ya dola 84,000 kwa matibabu ya wiki 12. Vilevile, ilani huzeeka. Mnamo 2020, pendekezo lilipanuliwa ili lihusu takriban watu wazima wote, pamoja na wanawake katika kila ujauzito. Mtambo usiorekebishwa ungeendelea kumtafuta mzee na kumwacha kijana.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa kilichokosekana si ujuzi wa matabibu, bali ukumbusho uliofika kwa wakati ufaao. Ilani huleta manufaa iwapo ni chache, inaenda na wakati, na nyuma yake kuna maabara na dawa. Ikikosa hayo, huwa ni kelele tu, ilhali ugonjwa wenyewe hauna kelele. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana sharti kwanza uonyeshwe.