Goma: Fimbo inamufundisha mtoto kitu gani?

Ilikuwa siku ya posho, kuelekea mangaribi, kwenye avenu moja ya kata ya Ndosho. Mtoto wa miaka kumi hivi alikuwa ametumwa kununua makala ya franga elfu mbili. Alirudi bila makala na bila franga. Mama yake alimuuliza mara moja tu: «Franga iko wapi?» Mtoto alifungua kinywa, lakini kabla neno halijatoka fimbo ilikuwa imekwisha shuka. Juu ya ukuta wa mawe ya volkano, majirani walianza kuchungulia. Mmoja alipiga kelele: «Umuchape, apate akili!» Mwingine akasema: «Wacha mama, imetosha!»

Sisi tulikuwa wageni kwenye parsele ya pili. Mambo yalipotulia, tulimusogelea mama. Hakukasirika. Alikaa juu ya bido ya maji, akapangusa uso, akatuambia: «Niko peke yangu na batoto tano. Baba yao hatujui kama iko muzima. Nikikosa kumuchapa leo, kesho atakuwa maibobo.»

Neno hilo tuliondoka nalo. Wazazi wengi wa Goma wanaochapa hawachukii watoto wao. Wanawaogopea. Wanaona watoto wanaolala Birere mbele ya maduka, wanaona vijana wanaobeba silaha, wanaona wasichana wanaopata mimba wakiwa bado shuleni, na wanaamini kwamba fimbo ndiyo ukuta kati ya mtoto wao na mambo hayo yote. Basi swali letu leo si kama wazazi wanapenda watoto. Swali ni hili: je, fimbo inafanya kweli kazi ile tunaituma ifanye?

«Tulichapwa, na tuko wazima»

Ukiuliza swali hilo kwenye kituo cha pikipiki au sokoni Virunga, jibu la kwanza ni lile lile: «Sisi tulichapwa, na tulikomaa. Batoto ba leo njo banakosa heshima juu hakuna mutu anabachapa.» Wengine wanaleta methali: samaki mkunje angali mbichi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wakristo wanakumbusha maneno ya Mithali juu ya fimbo.

Tuwasikilize vizuri. Ni kweli kwamba mtoto asiyeongozwa anapotea. Ni kweli kwamba mzazi anayeogopa machozi ya mtoto atalia yeye mwenyewe. Lakini angalieni methali zenyewe zinasema nini. Kukunja samaki si kumuvunja. Mtoto analia pia akinyimwa kwenda kucheza mpira, analia akiambiwa arudishe kitu cha mwenzake. Methali inamwambia mzazi asirudi nyuma mbele ya machozi; haikusema lazima machozi yatoke kwa fimbo. Na mchungaji wa ng'ombe kule Masisi anajua: fimbo yake inaonyesha njia na kufukuza mbwa. Akianza kuvunja nayo miguu ya ng'ombe, jioni hatakuwa na maziwa.

Tena wale waliochapwa na wakakomaa, walipata vitu vingine vingi: baba aliyerudi nyumbani kila jioni, shamba, bibi wa kuwasimulia hadithi, mwalimu aliyejua jina lao. Katika hayo yote, kwa nini sifa yote tuipe fimbo?

Kiboko kilitoka wapi?

Hatusemi kwamba mababu hawakuchapa kamwe. Lakini walikuwa na nafasi za kufundisha kwa maneno. Kwa Wanande, kwa mfano, kulikuwa kyaghanda, ambapo wazee walikaa na vijana na kuwaonyesha namna mtu anaishi na wenzake. Kazi ya kumulea mtoto haikuwa ya mzazi mmoja aliyechoka.

Kuhusu kiboko, jina lenyewe linatuambia jambo. Ni mnyama wa majini, na mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake ukachukua jina lake. Wakati wa Leopold II na kisha wakati wa Ubelgiji, mjeledi huo, wenye Wafaransa wanaita chicotte, ulitumiwa kwa wafanyakazi, kwa wafungwa na kwa askari wa Force Publique. Hesabu ya viboko ilipunguzwa pole pole, mpaka adhabu hiyo ikafutwa mwisho wa miaka ya 1950, kabla kidogo ya uhuru. Wachoraji wa Katanga, kama Tshibumba Kanda Matulu, walichora mara nyingi picha ya mtu aliyelazwa chini akipigwa mbele ya bendera ya Ubelgiji. Picha kama hizo zilitundikwa katika nyumba za watu, juu kila mtu alizielewa.

Kiboko kilikuwa chombo cha mkubwa ambaye hakutaka kueleza. Alitaka tu watu watii kwa haraka. Ni ajabu kwamba tulifukuza mkubwa yule, lakini chombo chake tukakibakiza nyumbani.

Watafiti walipima

Jambo hili limepimwa kwa miaka mingi. Mwaka 2016, watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya masomo 75 yaliyofanywa katika miaka 50 hivi, juu ya watoto zaidi ya 160 000. Hawakuangalia mapigo ya kuumiza sana. Waliangalia kupiga kwa mkono wazi tu, kule kwenye wazazi wengi wanaita «kidogo tu». Hawakuona kwamba mtoto aliyepigwa anatii zaidi, si kwa saa ile, si kwa siku za mbele. Waliona kwamba kupigwa kunaenda pamoja na ugomvi, huzuni, na uhusiano mbaya kati ya mtoto na mzazi.

Mtu mwenye akili atauliza: labda ni kinyume? Labda mtoto mgumu njo anachapwa sana, si kwamba kuchapwa kunamufanya mgumu? Ni swali la haki, na watafiti wenyewe wamebishana juu yake. Ndiyo sababu mwaka 2021 kundi lingine, likiongozwa na Anja Heilmann wa chuo kikuu cha University College London, lilichukua masomo 69 yaliyofuata watoto wale wale kwa muda mrefu. Jibu lilikuwa kwamba, kadiri wakati unavyopita, adhabu ya mwili inaongeza matata ya mtoto. Haiyapunguzi.

Hata bila watafiti, mzazi anaweza kujipima mwenyewe. Kama fimbo ingefanya kazi, ingehitajika mara moja au mbili, kisha ingelala. Lakini katika nyumba zetu yule aliyechapwa juzi njo anachapwa tena leo, mara nyingi kwa kosa lile lile. Dawa yenye unaongeza kila wiki na ugonjwa hauishi, bado ni dawa?

Mtoto mwenye anaogopa anaficha

Hapa tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi wa Goma kuliko watu wa London. Fimbo inamufundisha mtoto kitu kimoja kwa hakika: asionekane. Anajifunza kuvunja sahani na kuficha vipande. Anajifunza kusema «ni mwingine». Katika mji wenye amani, uongo huo ni jambo dogo. Katika mji wetu, unaweza kuua.

Fikirieni vita ya mwezi wa kwanza 2025. Ilipopita, iliacha nyuma risasi, magrenadi na mabomu ambayo hayakulipuka. Watoto wanaokota vyuma kila mahali, wengine kwa kucheza, wengine kwa kuuza. Mtoto anayejua kwamba atachapwa akisema «mama, tuliokota kitu hiki», atakificha chini ya kitanda. Fikirieni msichana ambaye mtu mzima anamusumbua njiani anapoenda kuchota maji ziwani. Akijua kwamba jibu la kwanza litakuwa «wewe ulikuwa unafanya nini kule?» pamoja na kofi, atanyamaza. Fikirieni kijana mwenye miaka kumi na tatu ambaye watu wa silaha wamemuahidi franga na chakula. Nani atajua kabla hajaondoka?

Wazazi wa Goma hawana walinzi. Ulinzi wao wa kwanza ni ukweli unaotoka katika kinywa cha mtoto, na kila siku tunamuchapa kabla hajaeleza, tunaufungia ukweli huo mlango.

Na wale maibobo wenye mama yetu wa Ndosho anaogopa? Wamefika barabarani kwa njia nyingi: vita, njaa, kifo cha wazazi, kushitakiwa uchawi. Lakini wapo pia wanaosema waziwazi kwamba walikimbia fimbo ya nyumbani. Kwa watoto wa namna hiyo, fimbo iliwasukuma kule kule ilikopaswa kuwazuilia.

Sheria na shule

Kongo inayo sheria. Ni sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, juu ya ulinzi wa mtoto. Inaomba Serikali iangalie kwamba nidhamu shuleni, katika familia na katika nyumba za kulelea watoto ifanyike kwa namna mtoto anatendewa kama binadamu. Lakini kanuni ya familia ya 1987 ilikuwa imeandika kwamba mwenye mamlaka juu ya mtoto anaweza kumukemea na kumurudi kadiri ya umri wake. Kati ya maandishi hayo mawili, kila mtu anasoma kile anachotaka. Jirani zetu wa Kongo-Brazzaville, na Kenya katika katiba yake, waliandika wazi tangu 2010 kwamba kumupiga mtoto ni marufuku.

Shuleni mambo si rahisi. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, watoto wamejaa darasani, wanne au watano kwenye benchi moja. Mwalimu mwenye mshahara kidogo, mwenye kelele masikioni toka asubuhi, anaona fimbo kama msaidizi wake wa pekee. Tunamuelewa. Lakini tukumbuke Bukoba, kando ya ziwa Victoria, Tanzania: mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa kisha kupigwa na mwalimu, kwa jambo la mkoba uliopotea. Mwaka 2019, mahakama kuu ilimuhukumu mwalimu yule kifo. Asubuhi ile, bila shaka hakuna aliyefikiri kwamba mkoba utaleta kaburi. Mwenye hasira hawezi kupima nguvu ya mkono wake.

Basi tufanye namna gani?

«Kama munatukataza fimbo, mutupatie kingine,» baba mmoja wa Katoyi alituambia. Ni maneno ya haki. Kutochapa si kuacha mtoto afanye anavyotaka.

Kwanza, tuulize, na tungoje jibu. Pili, adhabu ifanane na kosa: aliyepoteza franga achote bido mbili zaidi kwa wiki moja, aliyemwaga chakula aoshe vyungu, aliyetukana aende kuomba musamaha mbele ya wote. Mtoto anaona uhusiano kati ya kosa na malipo, jambo ambalo fimbo haionyeshi. Tatu, sheria ya nyumba ibaki ile ile siku mzazi anacheka na siku amenuna. Nne, tukamate mtoto akifanya vizuri pia, tumuambie aksanti. Tano, hasira ikipanda, mzazi atoke kwanza nje ya parsele, azunguke avenu, kisha arudi.

Wengine watasema hayo ni ya matajiri. Hapana. Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, familia 552 za maskini zenye watoto wakubwa zilishiriki katika jaribio. Sehemu moja ya familia hizo ilikutana kila wiki kwa wiki 14 kujifunza kuongea, kupanga franga ya nyumba pamoja na kutuliza hasira. Miezi kadhaa kisha, kupigwa kulikuwa kumepungua kwao kuliko kwa wengine. Sisi tunayo makanisa, misikiti, vikundi vya likelemba vya akina mama vinavyokutana kila wiki. Nafasi ya kuongea tayari iko.

Tulirudi Ndosho wiki tatu kisha. Mama yule alitupokea kwa chai. Mtoto alikuwa anafanya masomo yake juu ya bido, ile ile. Tuliuliza pole pole kama habari ya franga iliisha. Mama akatazama chini. Ilijulikana kupitia mtoto wa jirani: vijana wakubwa walikuwa wamemuzuilia njiani na kumunyang'anya zile elfu mbili, na wakamutisha. Njia hiyo hiyo wadogo zake wanapita kila siku kwenda shuleni.

«Siku ile nilimuuliza,» mama alisema. «Lakini sikumungojea ajibu.»

Tangu siku hiyo, alituambia, watoto wake wanapita njia ingine. Fimbo bado iko pale, imesimama karibu ya mlango. Kuku wanapoingia ndani, njo anaitumia.