Kabla hujaunganisha duka na mwenzako, angalia kwanza yaliyowakuta wenye mabasi

Hapa Kolandoto majirani zangu wawili wenye maduka wanataka tuunganishe mitaji, liwe duka moja kubwa lenye jina moja. Wanasubiri jibu langu wiki hii. Nimeona niangalie kwanza kampuni za mabasi, maana hao wameunganishwa na kutenganishwa sana.

Dar es Salaam zamani kulikuwa na kampuni inaitwa DMT. Serikali ikaitaifisha 1970, halafu 1974 ikagawanywa: UDA wakabaki na mabasi ya mjini, KAMATA wakachukua ya mikoani. Yote mabasi, ila biashara mbili. La mjini linaokota hela ndogondogo kila kituo, la mikoani abiria analipa mara moja na safari inakula mafuta na tairi.

Sasa mimi nauza unga, sukari na sabuni, hela inazunguka kila siku. Jirani mmoja anauza mabati na misumari, hela yake inaweza kulala mpaka watu wavune. Tukichanganya, hela ya sukari itageuka bati, na mimi rafu itabaki tupu.

UDA walikuwa wakubwa kweli, mpaka walikuwa na Ikarus kumbakumba, yale marefu yenye maungio katikati. Lakini nauli ilipangwa na serikali, wakati vipuri vinataka fedha za kigeni. Mabasi hayakutosha, na 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria. Ndo daladala hizo. Kwa hiyo muulize mwenzako mapema: bei atapanga nani?

Halafu kuna jina. Uingereza 1969 kampuni nyingi za mikoa, zenye yale mabasi ya ghorofa, ziliwekwa chini ya National Bus Company. Kila moja ilikuwa na rangi yake. 1972 zikaambiwa nyekundu au kijani, basi. Mpaka leo kuna watu wanatunza mabasi ya zamani ya ghorofa na kuyarudishia rangi zake za mwanzo. Msiwacheke. Hapa kwangu mtoto anatumwa "duka la mlango wa bluu", jina langu halijui.

Nafikiria kuwajibu tuungane kwenye usafiri tu: mzigo wa Mwanza tukodi gari moja, kila mtu abaki na mlango wake na daftari lake. Waliowahi kufanya hivi, hela ya gari mligawana kwa uzito wa mzigo au sawa kwa sawa? Andikeni hapo chini.